Jela au nini kingine? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu adhabu mbadala na wahalifu wa hatari

Maswali haya nimeyakusanya sehemu moja kwa sababu nimechoka kuyajibu moja moja, kila mjadala wa jela ukianza unaishia palepale, mmoja anataka wote wafungwe milele, mwingine anataka wote waachiwe, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Msimamo wangu nautoa mapema usije kusema nimekuvizia: jela inameza watu wengi mno ambao hawakupaswa kuwa kule, na wale wachache wa hatari kweli kweli wanawekwa kule kama magunia stoo mpaka siku mlango unafunguliwa na wanarudi mtaani walivyokuwa, au wabaya zaidi. Soma unachotaka, ruka usichotaka.

Adhabu mbadala ndo nini hasa?

Ni adhabu yoyote ambayo hakimu anaitoa badala ya kumpeleka mtu ndani. Kuna kifungo cha nje, yaani mtu anabaki kwake lakini ana masharti na kuna afisa wa uangalizi anayemfuatilia, kuna kazi za huduma kwa jamii, kuna faini, kuna kumlipa fidia uliyemkosea, kuna bangili ya kielektroniki mguuni, kuna kuamriwa kwenda kwenye tiba ya ulevi au dawa za kulevya, na kuna kukalishwa chini na uliyemuumiza mkaongea mbele ya msuluhishi. Mara nyingi mahakama inachanganya mbili au tatu.

Na wala sio mambo ya jana. Mwaka 1841 kule Boston, fundi viatu mmoja anaitwa John Augustus alikuwa mahakamani akaona mlevi anataka kupelekwa ndani, akamuomba hakimu amuachie kwa dhamana yake, akakaa naye wiki tatu akamrudisha akiwa hajagusa pombe na ametulia, hakimu akampiga faini ya senti moja. Augustus akanogewa, mpaka anafariki mwaka 1859 alikuwa ameshawadhamini karibu watu 2,000, kwa kujitolea tu. Sistimu ya uangalizi inayotumika leo duniani kwa kiasi kikubwa imetokana na yule fundi viatu.

Huko si kuwadekeza wahalifu?

Inategemea unamuongelea nani. Ukisema "mhalifu" kichwani unaona jambazi na bunduki, lakini ingia jela yoyote uone waliojaa mle. Duniani kuna wafungwa na mahabusu zaidi ya milioni 11, na karibu theluthi moja hawajahukumiwa, wanasubiri kesi. Wengi wamo sio kwa sababu ni hatari, wamo kwa sababu hawana pesa ya dhamana au hawana mtu wa kuwadhamini. Tajiri aliyefanya kosa lilelile analala kwake. Sasa hapo nani kadekezwa?

Halafu jaribu kufagia hospitali au kuzibua mitaro miezi sita mchana kweupe majirani wanakuona, ndo uniambie kama ni raha. Kuna wafungwa wanasema wazi kabisa kwamba bora wafungwe miezi michache wamalizane kuliko kufuatiliwa na afisa uangalizi miaka miwili.

Lakini jela si inatisha watu, wasipoiogopa si kila mtu ataiba?

Inatisha kiasi, ila sio kwa namna watu wanavyodhani. Mwaka 1764 Mwitaliano Cesare Beccaria aliandika kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kukamatwa zaidi kuliko ukali wa adhabu, na utafiti mwingi wa miaka ya karibuni umemuunga mkono. Mwizi akiamini atakamatwa, hata adhabu ndogo inamfanya asite. Akiamini hatakamatwa, hata ukiandika miaka 30 kwenye sheria haimhusu, kwa sababu kwenye hesabu zake yeye hiyo 30 ni ya mjinga mwingine.

Kuna jaribio Marekani walilifanya sana, kuwapeleka vijana watukutu gerezani wakatishwe na wafungwa sugu, wapigiwe kelele, waone hali ilivyo. Kwenye macho ya mzazi ni dawa nzuri sana. Walipokuja kupima wakakuta vijana waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko wenzao ambao hawakupelekwa. Huwa nalitaja hili kila mtu akiniambia "kinachotakiwa ni kuwatisha tu".

Kwa hiyo jela haina faida yoyote?

Ina faida moja kubwa: mtu akiwa ndani hawezi kukuvunjia nyumba. Hiyo siipingi na ukikutana na mtu anayeipinga mwambie akapumzike. Ila faida hiyo inaisha siku anayotoka, na karibu wote wanatoka, na kuna kitu kingine hakisemwi sana: uhalifu mwingi ni ugonjwa wa ujana. Makosa yanapanda sana miaka ya mwishoni mwa utineja na mwanzoni mwa ishirini halafu yanashuka yenyewe, watu wanapata kazi, wanapata watoto, wanachoka. Sasa ukimfunga mtu wa miaka 22 mpaka afike 60, miaka ya mwisho yote ile unalisha mzee ambaye hata ungemuachia asingekimbizana na mtu.

Kifungo kifupi je? Miezi mitatu tu ajifunze adabu?

Hicho kwangu ndo kibaya kuliko vyote. Miezi mitatu haitoshi kumfundisha mtu ufundi wala kumtibu ulevi, lakini inatosha kabisa kumpotezea kazi, chumba alichopanga, mwenza wake, na kumpa marafiki wapya ambao ni wataalamu. Anaingia kibaka wa simu anatoka anajua kufungua kufuli za aina zote. Ungekuwa unatengeneza chuo cha wizi kwa makusudi usingefanya tofauti sana.

Huduma kwa jamii inafanya kazi kweli au ni maneno ya kwenye semina?

Inafanya kazi pale inaposimamiwa. Uingereza waliianza mwaka 1973, Afrika iliyopigiwa mfano sana ni Zimbabwe ambao waliianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 magereza yalipofurika, majaji wenyewe ndo wakalivalia njuga. Baadaye Kenya wakapitisha sheria yao mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2002. Umoja wa Mataifa nao walikuwa na kanuni zao za adhabu zisizo za kifungo tangu 1990, zinaitwa Kanuni za Tokyo, na mwaka 1996 wadau wa magereza Afrika walikutana Kampala wakasema jambo hilohilo, kwamba jela iwe kituo cha mwisho.

Sheria zipo kwa hiyo. Shida iko kwenye utekelezaji: afisa uangalizi mmoja ana mafaili hata hajui aanzie wapi, hana usafiri, anayetakiwa kuripoti haripoti na hakuna anayemfuata, hakimu akiona hivyo anakata tamaa anarudi kwenye alichozoea, anampiga mtu mvua mbili. Ukitaka adhabu mbadala lazima ulipie watu wa kuisimamia, ni nafuu kuliko jela lakini bure sio.

Faini si zinamnufaisha tajiri?

Ndio, zikiwa sawa kwa wote. Kiasi ambacho mmoja anakitoa mfukoni akicheka, mwenzake inabidi auze mbuzi, akishindwa anaenda ndani, kwa hiyo kimsingi kafungwa kwa umaskini. Finland waliliona hili tangu 1921 wakaanza faini zinazohesabiwa kwa siku za kipato: kosa linakupa idadi ya siku, kipato chako kinaamua kila siku ni shilingi ngapi. Ndo maana mwaka 2002 bosi mmoja wa kampuni kubwa ya simu kule alipigwa faini ya euro kama 116,000 kwa kuendesha pikipiki kilomita 75 kwa saa kwenye eneo la 50. Baadaye mahakama ikampunguzia sana, lakini stori ilishazunguka dunia nzima. Sweden, Ujerumani na wengine wana utaratibu wa namna hiyo. Mimi naona ni akili sana, na sijui kwa nini nchi nyingi zinauogopa, au labda najua.

Bangili ya mguuni ni nzuri?

Nzuri kwa kazi moja, kujua mtu yuko wapi. Jaji mmoja wa New Mexico, Jack Love, ndo aliijaribu mwaka 1983, inasemekana wazo alilipata kwenye katuni za Spider-Man, adui kamfunga Spider-Man kifaa cha kumfuatilia. Leo inatumika nchi kibao.

Ila angalia mtego. Bangili ilikuja ili kuwatoa watu jela, lakini sehemu nyingi ikaishia kufungwa kwa watu ambao hata bila bangili wangekuwa nje tu kwa onyo au faini ndogo. Yaani jela haikupungua, wavu ndo ukapanuliwa ukanasa na dagaa. Na kuna sehemu mtu analipia bangili yake mwenyewe kila siku, akishindwa kulipa anarudishwa ndani, tumerudi kwenye faini. Kwa hiyo mtu akikuambia "tumeleta mbadala", muulize swali moja: waliomo ndani wamepungua? Kama hawajapungua, hicho sio mbadala, ni nyongeza.

Aliyeumizwa yeye anapata nini? Mbona mnamuongelea mkosaji tu?

Swali zuri kuliko yote na lilitakiwa kuwa la kwanza. Kwenye kesi ya kawaida aliyeibiwa anaitwa kutoa ushahidi, anasimamishwa, anaulizwa maswali kama yeye ndo mwizi, halafu anaambiwa nenda. Mkosaji akifungwa, yeye vitu vyake havirudi. Hata samahani hapewi.

Mwaka 1974 kwenye mji mdogo wa Elmira huko Ontario, Kanada, vijana wawili walilewa wakaharibu mali za watu 22 usiku mmoja, wakatoboa matairi, wakavunja madirisha. Afisa uangalizi akapendekeza kitu cha ajabu, wapelekwe nyumba kwa nyumba wakakutane na kila waliyemharibia. Jaji akakubali. Wakaenda, wakaongea na watu, wakahesabu hasara, wakalipa. Hapo ndo wengi wanahesabu kwamba haki rejeshi ya kisasa, yaani mkosaji kukaa na aliyemkosea na kurekebisha alichoharibu, ilianzia, ingawa kuwakalisha wagomvi chini na kulipana fidia ni jambo la kale sana sehemu nyingi za dunia. New Zealand mwaka 1989 wakaiweka kwenye sheria ya watoto, familia ya kijana na aliyekosewa wanakaa kikao na kupanga mambo, wakichukua mengi kutoka kwa desturi za Wamaori, wenyeji wa asili wa kule.

Waathirika wengi waliopitia vikao hivyo wanasema wameridhika kuliko waliopitia mahakama tu, sababu wanapata kuuliza lile swali lililowanyima usingizi, kwa nini mimi. Lakini sio dawa ya kila kitu. Mke anayepigwa na mume wake huwezi kumkalisha meza moja naye ukasema ongeeni yaishe, mwenye nguvu atashinda kikao kama anavyoshinda nyumbani. Na mkosaji akikataa kukubali kosa hamna kikao.

Wanaotumia dawa za kulevya?

Mteja wa unga anayeiba ili apate kete, ukimfunga bila tiba atatoka na arosto ileile. Miami walianzisha mahakama maalumu mwaka 1989, hakimu anamfuatilia mtu kwenye tiba badala ya kumfunga. Ureno wakaenda mbele zaidi mwaka 2001, ukikutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe sio jinai tena, unapelekwa mbele ya jopo la watu wa afya na ustawi. Wauzaji bado wanafungwa.

Sawa, hayo ni ya vibaka na walevi. Na yule muuaji? Yule anayebaka watoto?

Hapa ndo watu wanasubiri nichemshe. Jibu langu: wapo watu ambao lazima wafungiwe mahali, na wengine kwa muda mrefu sana, na wengine labda mpaka wafe. Mtu aliyeshaua mara mbili na anasema ataua tena sina mpango wa kumpa ufagio akafagie soko. Ninachobishania ni vitu vitatu tu: ni wachache kuliko tunavyodhani, kuwatambua ni kugumu kuliko tunavyodhani, na kuwafungia peke yake haitoshi kwa sababu wengi wao siku moja watatoka.

Na kitu kingine, kosa baya sio lazima liwe na mtu wa hatari. Aliyemuua ndugu yake kwa ugomvi wa shamba amefanya jambo baya kabisa, adhabu anastahili, lakini uwezekano wa kurudia mara nyingi ni mdogo kuliko wa kijana mwizi wa pikipiki. Ukali wa kosa na hatari ya mtu ni vitu viwili, na sheria nyingi zinavichanganya.

Tutamjuaje mtu wa hatari? Si kuna vipimo?

Vipo. Wataalamu wanaangalia mambo yasiyobadilika, umri wa kosa la kwanza, makosa mangapi, ya aina gani, halafu yanayobadilika kama ulevi, marafiki, hasira, kama ana kazi, kama ana pa kulala. Ni bora kuliko hisia za mtu mmoja aliyekaa naye nusu saa. Lakini ngoja tupige hesabu ya kubuni.

Tuseme una wafungwa 1,000 na 50 kati yao wakitoka watafanya ukatili mkubwa. Una kipimo kizuri, kinapatia mara 80 kwa 100. Kwenye wale 50 kitawakamata 40. Safi. Lakini kwenye wale 950 wasio na shida kitakosea 20 kwa 100, yaani watu 190 watapigwa muhuri wa hatari bure. Jumla waliopigwa muhuri 230, na 190 kati yao wangeenda zao nyumbani wasimguse mtu. Kipimo sio kibovu, ni kwamba unachotafuta ni adimu, na ukitafuta kitu adimu utaokota na vingine vingi vinavyofanana nacho.

Haya yalishatokea kweli. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi uliolazimisha jimbo la New York kuwahamisha watu 967 kutoka hospitali za wahalifu vichaa, watu waliokuwa wanaitwa hatari mno, kwenda hospitali za kawaida za magonjwa ya akili. Wafanyakazi waliingiwa na hofu. Miaka ikapita, watafiti wakawafuatilia, wakakuta waliofanya fujo za kurudishwa ni wachache mno. Wengine walikuwa wamekaa kule miaka mingi kwa sababu tu hakuna daktari aliyetaka kuwa wa kwanza kusaini. Hapo ndo penye ugonjwa wenyewe: ukimuachia mtu akaua, jina lako litakuwa kwenye magazeti, ukimzuia mtu asiye na hatari hakuna atakayejua umekosea, kwa hiyo kila mwenye kalamu anazuia.

Nchi zilizoendelea zinafanyaje na hao wa hatari?

Tofauti tofauti. Norway hawana kifungo cha maisha cha kawaida, wana kitu wanaita forvaring, mtu anapewa muda lakini ukiisha na bado ni hatari mahakama inaweza kuuongeza, kila mara hadi miaka mitano, bila mwisho. Anders Breivik aliyeua watu 77 tarehe 22 Julai 2011 alipewa miaka 21 ya aina hiyo, akaomba kutoka alipofikisha miaka 10, mwaka 2022 wakamkatalia. Watu wanaosema "Norway muuaji anakaa 21 tu anatoka" hawajasoma hadi mwisho.

Uholanzi wana TBS, mhalifu ambaye akili yake ilichangia kosa anatibiwa kwenye kliniki iliyofungwa na mahakama inapitia upya kesi yake kila mwaka mmoja au miwili. Ujerumani walikuwa wanawaweka watu baada ya vifungo vyao kuisha kwa ajili ya usalama, mwaka 2009 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikawabana, na 2011 mahakama yao ya katiba ikasema: kama adhabu yake imeisha na unamshikilia kwa hofu yako tu, basi asiishi kama mfungwa, apewe tiba, nafasi, na njia ya kutoka.

Mimi hoja ya Wajerumani imenikaa sana. Deni lake alishalipa, anachokatwa sasa ni kwa ajili ya kosa ambalo hajafanya. Kama jamii inamuomba atoe uhuru wake ili sisi tulale, angalau tusimuweke kwenye chumba cha watu 40 chenye ndoo moja.

Lakini magereza ya Norway si hoteli?

Halden iliyofunguliwa 2010 ina vyumba vya mtu mmoja mmoja na choo ndani na karakana na studio ya muziki, na ukuta mrefu umeizunguka, ukuta huo kwenye picha huwa hauonyeshwi. Askari magereza wanasomea miaka miwili. Wazo lao ni kwamba adhabu ni kunyimwa uhuru, basi, mengine yote yabaki karibu na maisha ya nje kadiri inavyowezekana sababu huyu mtu atakuwa jirani wa mtu. Wanaorudia makosa ndani ya miaka miwili wanatajwa kuwa kama 20 kwa 100. Kuwa makini lakini kulinganisha na nchi nyingine, kila nchi inahesabu kivyake, mwingine anahesabu kukamatwa tena, mwingine kuhukumiwa tena.

Wagonjwa wa akili je?

Wengi sana hawana ukatili wowote, wao ndo wanaopigwa. Wachache wanaoua wakiwa hawajitambui, sheria nyingi zinawapeleka hospitali badala ya jela, mengi yakitokana na kesi ya M'Naghten ya Uingereza mwaka 1843. Usidhani wanatoroka adhabu, kuna wanaokaa wodi iliyofungwa muda mrefu kuliko wangekaa jela.

Aliyebaka mtoto akimaliza kifungo mnataka tukae naye mtaa mmoja?

Hutaki, najua, hata mimi sitaki. Lakini kifungo kimeisha, sheria imemuachia, lazima awe mtaa fulani. Ilitokea hivyohivyo Hamilton, Kanada, mwaka 1994, mtu mwenye rekodi ndefu ya kunajisi watoto alimaliza muda wake wote akatoka bila uangalizi wowote, mji mzima ukachachamaa. Mchungaji mmoja wa Kimennonite akakusanya waumini wachache wakamzunguka: kila siku mmoja wao anamuona, wanajua anaenda wapi, wanamsaidia nyumba na kazi, na akianza kuteleza wanasema polisi. Polisi wenyewe walishangaa ilivyofanya kazi. Mpango huo sasa upo nchi kadhaa na ripoti zinaonyesha waliozungukwa hivyo wanarudia kidogo kuliko wasiozungukwa.

Linganisha na kumfukuza mtaa hadi mtaa. Mtu asiye na kazi, asiye na rafiki, asiye na anwani, hamjui yuko wapi leo. Huyo ndo ananitisha mimi.

Si bora wanyongwe tu tumalize?

Mahakama inakosea. Marekani peke yake tangu 1973 watu kama 200 waliohukumiwa kifo waligundulika baadaye kwamba hukumu haikuwa sahihi wakaachiwa. Aliyenyongwa humrudishi na samahani.

Kifungo cha maisha bila kutoka kabisa?

Mwaka 2013 mahakama ya Ulaya ilisema hata aliyefungwa maisha lazima awe na siku ambayo kesi yake itaangaliwa upya. Kuangaliwa, sio kuachiwa. Muulize askari magereza yeyote atakuambia mfungwa asiye na cha kupoteza ndo wa kuogopa kumgeuzia mgongo.

Kuna sehemu mbadala umetumika kwa makosa makubwa kweli?

Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 walikuwa na watu kama 120,000 magerezani, mahakimu na mawakili wengi wameuawa au wamekimbia, wakapiga hesabu wakaona kesi hizo kwa mwendo wa kawaida zingechukua zaidi ya miaka 100. Wakafufua gacaca, mabaraza ya kukaa nyasini, majaribio yakaanza 2002, yakasambaa nchi nzima 2005, yakafungwa Juni 2012 yakiwa yamepitisha kesi karibu milioni 1.9. Aliyekiri, akaonyesha miili ilipozikwa na kuomba msamaha alipunguziwa, sehemu ya kifungo akaimaliza kwa kazi za nje, kujenga barabara na nyumba na matuta ya kuzuia mmomonyoko. Vigogo waliopanga walipelekwa mahakama za kawaida na ile ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha.

Ilikuwa safi? Hapana. Hapakuwa na mawakili, kuna watu walisingiziwa kwa ugomvi wa ardhi, kuna mashahidi waliuawa, kuna wajane waliolazimika kuishi mlango kwa mlango na aliyewamalizia watoto. Lakini kuna watu walijua kwa mara ya kwanza mifupa ya wao iko wapi. Nikiambiwa mbadala ni kwa vibaka tu huwa nataja Rwanda, na nikiambiwa mbadala ni raha tupu nataja Rwanda hiyohiyo.

Mkiwaachia si wananchi wenye hasira kali watawamaliza?

Wananchi wenye hasira kali wanachoma mtu kwa sababu wanaamini polisi watamuachia kesho asubuhi na hakuna kitakachotokea. Adhabu mbadala ikiwa haionekani, hasira inakuwa palepale. Ndo maana kazi ya huduma ifanyike eneo lilelile, watu wamuone, walioibiwa waambiwe amepewa nini na hadi lini. Siri ndo inaua.

Ndugu yangu anatoka mwezi ujao, tufanye nini?

Anza kabla hajatoka. Kitambulisho chake kiko wapi, atalala wapi usiku wa kwanza, nani atampokea getini. Kama alikuwa anatumia unga kuwa makini sana, utafiti wa jimbo la Washington uliotoka 2007 ulikuta wiki mbili za kwanza baada ya kutoka hatari ya kufa ni zaidi ya mara 12 ya watu wengine, chanzo kikuu dawa, mwili umeshasahau dozi na yeye anarudia ileile ya zamani. Kama ana dawa za hospitali atoke nazo. Na usimfanyie sherehe kubwa ya kumwalika kila mtu, wengi wanasema kelele zinawachanganya siku za mwanzo, hata kuvuka barabara inakuwa kazi.

Na kama aliniumiza mimi, na sitaki kumuona wala kusikia samahani yake?

Basi usimuone. Haki rejeshi ni hiari pande zote mbili, na yeyote anayekulazimisha kusamehe ili faili lake lifungwe anakukosea mara ya pili. Unachoweza kudai, na udai kwa sauti, ni kuambiwa siku anayotoka.